Kidonge Shavuni

"Fungua mdomo."

Mama Kola akaufungua. Dada yake akainama na taa ya simu mkononi, akachungulia juu ya ulimi, akachungulia chini yake, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka chini ya kitanda. Kulikuwa hakujapambazuka. Watoto wawili walikuwa wamelala bado upande wa pili wa pazia, na kwenye kona waliyoiita jikoni viazi vya chakula cha mchana vilikuwa vinachemka bila chembe ya chumvi.

"Haya, nenda," dada alisema. "Na huko kazini usidokoe vya watu. Ukila chumvi nitaiona usoni."

Chumvi aliifukuza nyumbani siku ile ile mdogo wake aliporudishwa kutoka hospitali. Alimpa jirani kopo zima, na jirani anashukuru mpaka leo. Watoto walinung'unika kwamba chakula cha mama mkubwa ni kama cha msibani. Mama mkubwa akawajibu kwamba msibani ndiko anakokataa kuwapeleka, wale wanyamaze. Alikuwa ameacha shughuli zake na chumba chake mji mwingine ili aje kumgeuza mdogo wake kitandani, na sasa alikuwa ameapa kwamba kiharusi cha pili hakitapita mlango ule yeye akiwa hai. Kila alichoambiwa na manesi alikitimiza: chumvi, mafuta, kutembea jioni, kidonge cha asubuhi.

Hicho kidonge ndicho alichodanganywa nacho, asubuhi hata asubuhi.

Tangu kiharusi kimpitie, shavu la kushoto la Mama Kola lilikuwa halina habari na jambo lolote. Chakula kilikwama humo, naye asijue mpaka mtu amwambie. Basi alikisukumia kidonge huko huko kwa ulimi, akanywa maji, akameza mate kwa kishindo, akafungua mdomo. Dada alitazama ulimi, kwa sababu ulimi ndio kila mtu hutazama. Akishafika kwenye kona ya barabara, Mama Kola alikitema kiganjani, akakifuta, akakitia katika kikopo cha sindano kilichokaa ndani ya mkoba wake. Kukitupa hakuthubutu. Marehemu mama yao aliwafundisha kwamba dawa haitupwi, na katika hilo alikuwa mtiifu.

Msimwone mjinga. Dawa ile ilikuwa ya kushusha presha kwa kuyatoa maji mwilini. Ukiimeza alfajiri, kabla jua halijapanda umeshatafuta choo, umerudi, hujakaa vizuri, unakitafuta tena. Nyumbani si neno. Lakini Mama Kola alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati, na mstari wake mzima wa cherehani ulikuwa na kibao kimoja tu cha choo.

Kilikuwa kipande cha mbao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Kilining'inia kwenye msumari nyuma ya kiti cha msimamizi, na asiyekivaa shingoni haruhusiwi kuvuka mlango wa choo. Akiwa nacho mwenzako, unasubiri arudi. Kila mtu alikuwa na zamu moja kabla ya chakula cha mchana na moja baada yake. Msimamizi aliyekilinda walimwita Bwana Kibao, naye alilijua jina hilo wala halikumkera. Juu yake kulikuwa na ofisi yenye kioo kikubwa, na mle ndani kulikuwa na watu waliombana yeye kama yeye alivyowabana wengine.

Tena kikwazo si yeye peke yake. Mama Kola alishona kola, ndiyo maana akapewa jina hilo. Aliyekaa baada yake alitia mikono ya shati, akaitwa Mama Mikono. Baada yake walikuja wa vifungo. Kola ikichelewa, mikono inasubiri, na vifungo vinasubiri mikono. Mstari usipofikia lengo la siku, wote wanakosa nyongeza, pamoja na yule mwenye watoto sita. Kwa hiyo ukiinuka mara ya tatu kwenda kukojoa, hakuna anayekutukana. Wanakutazama tu. Msimamizi unaweza kumchukia ukapata nafuu, lakini wenzako utawachukiaje?

Hivyo alichagua kazi, akakiacha kidonge shavuni, akajiambia kwamba chumvi haipo, mafuta hayapo, jioni anatembea, labda Mungu ataona hayo.

Jana yake alikwenda zahanati. Nesi alimfunga mkono, akabonyeza pampu, akatazama mashine, akafungua, akafunga tena upya. Alimwuliza kama amekimbia njiani.

"Sikukimbia."

"Dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi nguvu yake haikutoshi. Tunaongeza." Nesi aliandika viwili mahali palipokuwa na kimoja. "Mama, nikwambie ukweli. Kiharusi cha kwanza kilibisha hodi. Cha pili hakibishi. Ukilala kitandani safari hii, huamki wewe uliye hapa. Kama kuna jambo linakusumbua na hizi dawa, sema sasa. Mficha maradhi kilio humuumbua."

Mama Kola aliitazama foleni iliyokuwa imejaa mlangoni, ikisikiliza. Katikati yake alikaa mwanamke wa pasi kutoka kiwanda kile kile.

"Hakuna jambo," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nikimeza usiku je?"

"Usiku utaamka kwenda chooni mpaka kuche, utachoka, presha ipande zaidi. Meza asubuhi, uende zako kazini."

Karibu acheke. Alipewa vya siku chache, maana sanduku lilikuwa karibu tupu, akaambiwa arudi wiki ijayo na kadi yake achukue vilivyobaki. Kadi yenyewe ilikuwa ya kiwanda, yenye picha yake. Bila kadi ile dirisha la dawa halikumjua mtu.

Bado angeviweka shavuni hivyo viwili, kama si kikombe. Jana hiyo hiyo jioni alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha maji mkono wa kushoto, akimsikiliza mwanawe akisoma. Mtoto akanyamaza ghafla akamtazama miguuni. Kikombe kilikuwa chini, maji yametapakaa, na vidole vyake vilikuwa bado vimejikunja kama vimekishika. Hakusikia kilipomtoka.

Ndivyo ilivyoanza mara ya kwanza. Usiku ule kilikuwa kijiko, asubuhi ukawa mguu, mchana ukawa upande mmoja mzima wa mwili. Kilichobaki kichwani mwake kutoka siku zile hayakuwa maumivu, maana hayakuwapo. Kilichobaki ni huyu huyu mwanawe, amepiga magoti na bakuli la uji, akimwambia, "Fungua mdomo, mama," na yeye akiufungua, na uji ukimtiririka shingoni mbele ya mtoto. Kufa alishakufikiria, na hakukumtisha kama bakuli lile.

Kwa hiyo leo alipofungua mdomo mbele ya dada yake, shavu lilikuwa tupu kweli. Vidonge viwili vilikuwa vimeteremka, naye alikuwa amejikunjia taulo kuukuu mapajani, akafunga na nguo ya ndani inayobana. Alidhani inatosha.

*

Zamu yake ya kwanza ya kibao aliimaliza kabla vumbi la asubuhi halijatulia. Alirudi mbio, akaketi, akavuta bunda la kola. Kitambaa cha wiki ile kilikuwa cheupe chenye mistari ya buluu, oda ya mbali, na ofisi ya kioo ilikuwa imetangaza kwamba hakuna kipande kitakachopotea, hata mabaki. Mabaki yalikusanywa kwenye magunia chini ya meza na kuuzwa kwa wajaza magodoro.

Alishona. Mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kukiongoza kitambaa, ulikuwa mzito tangu ugonjwa, lakini alikuwa ameufundisha upya, akiusaidia kwa kiwiko. Kola zake zilikuwa bado ndizo zilizonyooka kuliko zote. Alikuwa hajashona hata robo ya bunda mwili ulipomwita tena.

Alibana. Alishona na kubana. Vidonge viwili si kimoja, na mwili uliokuwa umefungiwa maji muda mrefu uliyaachia kama mlango ulioondolewa komeo. Akainua mkono.

"Bosi, naomba kibao."

"Si umeshakwenda wewe?"

"Nimekwenda. Naomba tena."

"Umekunywa ziwa?" Bwana Kibao aliuliza kwa sauti ya kufika mbali, na mstari mzima ukacheka, kwa kuwa Bwana Kibao alipotania ilibidi watu wacheke. "Kaa, mama. Wenzako wanasubiri kola."

Alikaa. Mama Mikono hakucheka. Aligeuza uso kidogo bila kuusimamisha mguu wake kwenye cherehani.

"Una nini leo?" alinong'ona.

"Nimemeza."

Mama Mikono alikuwa mtu pekee kiwandani aliyeijua habari. Mama Kola alipougua, kiwanda kiliambiwa ni homa kali na kuanguka bafuni. Yeye na Mama Mikono hawakuthubutu kusema neno lenyewe, kwa sababu walimkumbuka mkata kitambaa. Yule alipatwa na kiharusi, akapona, akarudi kwa furaha na barua ya daktari iliyosema anaweza kazi ila apewe muda wa kupumzika. Waliisoma barua, wakampa mkono, wakamwambia mwili wake haufai tena kwa kazi za kiwanda. Mkono wa kuagana ndio malipo aliyotoka nayo.

"Si bora ungemwambia taratibu, faragha?" Mama Mikono alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba mimi ni wa pili wa mkata kitambaa?"

"Basi bana. Mchana si mbali."

Mchana ulikuwa mbali. Aliinua mkono mara nyingine, kibao kilikuwa shingoni mwa mtu wa vifungo. Aliinua tena, Bwana Kibao alitikisa kichwa bila kunyanyua macho. Kisha jambo likawa. Alilisikia likiwa, polepole na kwa joto, na taulo likalipokea mpaka likashindwa. Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. Alishona kola nzima huku machozi yakimtoka, na kola ile haikuwa na kasoro.

Fedheha ya mtu mzima ni nzito kuliko ya mtoto. Mtoto husafishwa akasahau. Mtu mzima hukaa nayo kitako. Angekuwa na wajukuu wa kuhesabu kama marehemu binti yake mkubwa angeishi, na sasa amekaa juu ya mkojo wake mwenyewe kati ya watu, akiomba tu usifike sakafuni.

Ulifika. Tone moja, halafu la pili, chini ya kiti.

Mama Mikono aliangusha bunda zima la mikono ya shati. Lilitawanyika chini kati ya viti viwili, naye akapiga magoti kuliokota, akijilaumu kwa sauti, "Uzee huu, uzee huu," na wakati anaokota akafuta sakafu kwa sketi yake mwenyewe. Alipoinuka alikuwa na fungu la mabaki kutoka kwenye gunia, akalisukuma mapajani kwa Mama Kola chini ya meza.

"Weka hapo. Mchana ubadili."

Hapo ndipo Mama Kola alipofanya kosa, na lilikuwa kosa ambalo mtu asiye fundi asingelifanya.

Angeyabana vile vile yalivyo, matambara juu ya matambara. Lakini matambara yangemtoka akitembea, na mikono yake haikuzoea kuacha kitu kikining'inia nyuzi. Akayapanga, kubwa chini, ndogo juu, akatia katikati kitambaa kigumu cha ndani ya kola ili kisijikunje. Akayapitisha sindanoni kati ya kola moja na nyingine, mshono wa kuzunguka, akakunja ukingo, akashona tena juu yake. Akatia na vishikio viwili vya kufungia. Hakuchukua muda. Kilipotoka kilikuwa kitu kamili, mistari ya buluu imelala upande mmoja, kona zimekaa. Alikitazama, na katika asubuhi ile ya aibu tupu alihisi dalili ya fahari. Alifurahi, kusema kweli. Alipata hata wazo la kushona cha pili nyumbani kwa kanga kuukuu, na cha tatu, avibadili kila siku, awe anameza.

Wakati wa chakula alisimama kwenye foleni ya choo badala ya foleni ya maji ya kunawa. Vyoo viwili kati ya vinne vilikuwa vimefungwa kwa waya. Alipofika ndani alilivua taulo, akalisukumia ndani ya mfuko wa plastiki, akajifunga kitu chake kipya. Viazi vya dada hakuvigusa. Alikuwa na kiu, akaogopa kunywa.

Baada ya mchana alipata zamu yake moja, na zingine zote alizimaliza pale pale kwenye kiti, kimya, macho kwenye sindano. Kitu kilishika, hakikuvuja. Karibu na jioni aliona ajabu nyingine. Mvumo uliokuwa ukimkaa masikioni siku nyingi, kama wa cherehani isiyozimwa, ulikuwa umetoweka. Kichwa kilikuwa chepesi. Vidole vya kushoto vilihisi ukingo wa kitambaa. Ndivyo inavyokuwa, alijiambia, dawa ikifika inakokwenda.

Mstari ulifikia lengo. Bwana Kibao alipita akagonga meza kwa kidole. "Mnaona? Mkikaa, mnaweza."

*

Langoni palikuwa na upekuzi kama kila jioni, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mpekuzi wa wanawake alikuwa mama mwenye mikono ya haraka, na Mama Kola alikuwa amesahau. Hakika alisahau. Siku nzima aliogopa sakafu, kiti na macho ya watu, na hofu ya lango haikupata nafasi.

Mikono ilipita mabegani, ikashuka kiunoni, ikasimama.

"Hiki nini?"

"Cha kike."

"Cha kike, na umri wako huu?" Mpekuzi hakusema kwa ubaya, alishangaa tu. Alimvuta nyuma ya pazia, akafunua, na akaona mistari ya buluu. Uso wake ukabadilika. "Mama, hiki si kitambaa cha oda?"

"Ni mabaki. Ya guniani."

"Ningekuacha," mpekuzi alisema kwa sauti ya chini, "lakini jana wamemfukuza mwenzangu wa zamu kwa sababu ya uzi tu." Akaita.

Bwana Kibao alikuja, na nyuma yake karani wa ofisi ya kioo, akaketi kwenye meza ya langoni na kalamu na karatasi. Foleni ya wanawake ilikuwa imesimama nyuma yao, Mama Mikono ndani yake. Mama Kola alieleza. Alieleza nusu, kwamba anaumwa tumbo la chini, kwamba aliomba kibao akanyimwa, kwamba mabaki aliyatoa guniani kwa shida.

"Mabaki sawa," Bwana Kibao alisema. "Ungeokota tambara ukabana, ningesema mama kazidiwa, kaokota tambara. Lakini mpekuzi ananiambia hiki kimeshonwa."

"Kimeshonwa."

"Kwa cherehani ya nani?"

Mama Kola aliitazama kalamu ya karani.

"Kwa uzi wa nani? Saa za kazi za nani?" Alikuwa anamgeukia karani kila anapouliza, kama mwanafunzi anayemwangalia mwalimu. "Hilo si tambara tena. Hiyo ni bidhaa. Umetengeneza bidhaa yako kiwandani, umeivaa, unatoka nayo. Utaratibu unaiita nini hiyo?"

"Wizi," karani alisema, akaandika.

"Bosi, ni mgonjwa huyo," sauti ya Mama Mikono ilitoka kwenye foleni.

"Mgonjwa wa nini?"

Mama Mikono alimtazama mwenzake, na mwenzake akatikisa kichwa. Hata hapo alikuwa bado anailinda kadi.

"Irudishe mali," Bwana Kibao alisema. "Tutaandika kwamba imerudishwa, adhabu ipungue. Nakusaidia hapo."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Hapa mezani."

Aliwatazama, na hofu aliyokuwa ameibeba tangu alfajiri ilimwisha, kwa uchovu tu, kwa kuwa mtu ana kiasi chake cha kuogopa na chake kilikuwa kimemalizika. Akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa amekishika kwa mikono miwili, mkono mzima ukiusaidia ule mzito, akakiweka mezani juu ya karatasi ya karani. Kilikuwa kimelowa chapachapa. Maji yakaanza kutambaa kwenye karatasi, wino ukaanza kutanuka, na harufu ikawafikia.

"Mali ya kampuni," alisema. "Pokeeni."

Karani aliruka nyuma na kiti chake. Bwana Kibao aliziba pua.

"Ondoa hiyo kitu."

"Mimi?" Mama Kola alisema. "Nikiigusa si nitakuwa naiba tena? Iandikwe kwanza kwamba imepokelewa. Na mshono mkague, bosi. Hamtaona uzi uliolegea."

Nyuma yake wanawake wote walikuwa wanakitazama kile kitu pale mezani, na kila mmoja wao, tangu aanze kazi pale, alikuwa na siku yake aliyobana. Mwanamke wa pasi aliinamisha uso. Kwa kitambo kirefu hakuna mkono uliosogea kwenye meza ile.

Halafu karani akasema, kwa mbali, "Kadi."

Akaitoa mkobani. Bwana Kibao aliipokea kwa ncha za vidole, ingawa kadi ilikuwa kavu, akasema asije kesho mpaka aitwe. Wote waliokuwa pale walijua kwamba kuitwa hakupo. Mama Kola alipita lango akiwa na sketi iliyolowa nyuma, na hakujifunika.

*

Dada alikuwa mlangoni, jua likizama nyuma ya mapaa. Aliiona sketi, akauona uso, akawatuma watoto kwa jirani wakaombe kiberiti wasichokihitaji.

Mama Kola alioga, akaketi juu ya kitanda, akaeleza. Safari hii alieleza yote, kuanzia zahanati mpaka kadi. Kisha akafungua mkoba, akatoa kikopo cha sindano, akakiweka kati yao.

Dada alikifungua. Ndani, juu ya sindano, vilijaa vidonge, vingine vizima, vingine vimeliwa na mate nusu, vingine vimegandana viwili viwili. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Ulikuwa unanifungulia mdomo," alisema mwisho. "Kila siku ya Mungu ulikuwa unanifungulia mdomo."

"Shavu la kushoto."

"Nami nilikuwa nakutazama ulimi." Dada aliweka kiganja chake juu ya shavu lile, na Mama Kola alijua kwa kuona tu. "Kwa nini hukuniambia, mdogo wangu?"

"Ungefanya nini, dada? Ungekuja kuniombea kibao?"

Dada alikitikisa kikopo kidogo. Akainuka, akaleta sinia anayochambulia mchele, akamimina vidonge, akaketi navyo karibu na mlango penye mwanga uliobaki. Akaanza kuvichambua kama anavyochambua mchele, sindano huku, vilivyoyeyuka huku, vizima huku. Vilivyogandana alivitenganisha kwa kucha, taratibu, visivunjike. Vya jana kutoka zahanati akaviongeza kwenye fungu la vizima.

"Vitatufikisha wapi?" Mama Kola aliuliza.

"Vitakapofikia."

"Na vikiisha?"

"Mimi nachambua sasa. Usinisemeshe." Aliendelea kidogo, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema bila kuinua kichwa, "Kesho unaamka saa ngapi?"

"Dada, sina pa kwenda kesho."

"Nimekuuliza saa ngapi."

"Saa ile ile."

"Basi utameza saa ile ile. Viwili, kama alivyosema nesi. Na utakunywa maji ya kutosha, hutaogopa." Alionyesha kwa kidevu uani, kwenye kibanda cha mabati cha wapangaji wote. "Choo kiko pale. Hakina kibao."

Mama Kola alicheka, upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa unaweza, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha. Dada alimwacha alie. Watoto walirudi na kiberiti, wakasimama mlangoni wakitazama sinia, wakajua wasiulize.

Kisha mwili ukamwita tena. Vile vidonge viwili vya alfajiri vilikuwa bado vinafanya kazi yao. Akafuta uso, akainuka akishika ukuta, akaenda, na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi.